Gunia Halikimbii

Siku ya soko pale Daraja Mbili, nguvu iko kila mahali. Jamaa amebeba mikungu miwili ya ndizi, mwingine anasukuma mkokoteni mlimani huku jasho likimtiririka. Na hakosi mtu wa kusema: huyu akipewa viatu vya mbio, Omanyala atakula vumbi!

Nilipokuwa shule niliamini hiyo story. Likizo nzima nilibeba magunia hapo, nikitaka nirudi nikiwa moto kwa mita 100. Nilirudi na mabega mapana, na muda ule ule.

Lakini watu wa huku wana sababu ya kujidai. Mwaka 1968 kule Mexico City, Charles Asati na Hezahiah Nyamau walikuwa kwenye timu ya Kenya iliyopata fedha katika mbio za kupokezana vijiti, mita 400 mara 4. Munich 1972 walirudi pamoja na Robert Ouko na Julius Sang, wakachukua dhahabu kwa dakika 2 na sekunde 59.8. Watatu kati ya hao wanne ni wana wa Gusii.

Nyumbani tunasema ni milima na ndizi. Sawa, lakini Ouko na Sang walisoma North Carolina Central University, Marekani, chini ya kocha LeRoy Walker. Dhahabu ile ilikuwa na kocha ndani yake.

Munich hiyo hiyo, Valeriy Borzov wa Umoja wa Kisovieti alishinda mita 100 na 200. Kwao, miaka ya 1960, Yuri Verkhoshansky alikuwa ameshaeleza zoezi la kushuka kutoka juu ya kijukwaa, kutua, na kuruka tena papo hapo. Wakati huo makocha wengi duniani bado waliogopa vyuma, eti vinamfanya mkimbiaji awe mzito.

Ukweli uko katikati. Ukiwa kwenye kasi kamili, mguu unagusa ardhi kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Msuli unahitaji muda mrefu zaidi ya huo kutoa nguvu zake zote. Kwa hivyo vyuma vizito vinasaidia zaidi hatua za kwanza, mguu unapokaa chini kidogo. Kuruka kunafundisha mguu kupiga na kuondoka. Kukimbia ukivuta uzito, au ukipanda mlima, kunasaidia kuchomoka.

Ferdinand Omanyala mwenyewe alitoka raga, mchezo wa misuli na kuchomoka, kabla ya kukimbia sekunde 9.77 Kasarani mwaka 2021, rekodi ya Afrika.

Gunia, yaani, linakufundisha kusukuma polepole. Kijana wa mkokoteni anao msingi. Anachokosa ni kuruka, kupumzika, na mtu wa kumshikia saa. Mimi sikuwa na huyo mtu. Nilikuwa na magunia tu.