Jina la Khanga na Jina la Mtunzi

Ushairi wa Kiswahili haukuzoea kumficha mwenyewe. Mtunzi wa utenzi aghalabu alijitaja katika beti za tamati, pengine pamoja na nasaba yake na mwaka wa Hijria. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalisalia kwa juhudi za Mwalimu Sikujua, aliyemsaidia W. E. Taylor kuyakusanya mwishoni mwa karne ya 19. William Hichens alipoyachapisha mwaka 1940, jina la Muyaka lilikuwa bado juu yake. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923, liliendeleza desturi hiyo: shairi lilitoka na jina la mtungaji, na aliyejibu alimjibu mtu anayejulikana.

Khanga ilishika njia nyingine. Vazi hili lina pindo, mji na jina. Lakini "jina" hapa ni maneno, si mtu. Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa aliyefahamika kwa jina la Abdulla, alizitia khanga zake alama ya K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla". Alama hiyo ilimtaja mwenye bidhaa. Aliyeyatunga maneno hakutajwa, na hali haikubadilika pale khanga zilipoanza kuchapwa Dar es Salaam kwenyewe, katika kiwanda cha Urafiki cha Ubungo, eneo ambalo kwa miaka mingi lilihesabiwa katika Kinondoni, na katika kiwanda cha Karibu kule Mbagala, Temeke.

Ukimya huo una dhima yake. Mwanamke wa Tandika au Mwananyamala anayejitanda "Usisafirie nyota ya mwenzio" na kupita mbele ya jirani yake amekwisha kusema. Akiulizwa, atajibu kwamba amependa rangi tu. Maneno yangebeba saini ya mtu, kinga hiyo ingepungua nguvu. Kwa hiyo si haki kuwatuhumu watengenezaji wa khanga kwa uzembe wa kimarejeleo, kama baadhi ya wanazuoni wanavyoelekea kufanya.

Tatizo hujitokeza maneno yanapohama. Katika miaka ya 1990, ushindani wa Tanzania One Theatre, iliyoanzishwa mwaka 1992, na kundi la Muungano uliifanya taarabu ya mipasho itawale kumbi za jiji. Majina ya Khadija Kopa na Nasma Khamis yalijulikana hata kwa wasiohudhuria. Jina la aliyeandika beti halikufika mbali kiasi hicho. Kauli iliyopendwa ukumbini iliweza kuhamia kwenye khanga, kisha kwenye kioo cha nyuma cha daladala, chombo kilichoenea baada ya serikali kuruhusu mabasi ya watu binafsi mwaka 1983. Katika kila kituo mtu mmoja aliteremka: kwanza mtunzi, halafu mwimbaji, mwishowe hata wimbo.

Ndipo anapofika mwanafunzi na daftari lake, akaandika chini ya kauli hiyo: "methali ya Waswahili". Kwa maneno matatu mtunzi aliye hai, ambaye pengine anakaa mtaa wa pili, amegeuzwa wahenga. Athari zake si za kitaaluma peke yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyochukua nafasi ya ile ya 1966 na kuzaa COSOTA, inatofautisha kazi yenye mtunzi na sanaa za jadi. Kauli ikishaandikwa vitabuni kuwa ni ya jadi, mtunzi wake huwa na kazi ngumu zaidi ya kuidai.

Mtafiti makini hataliita neno methali mpaka ajue halikutoka kwenye wimbo. Ataandika alama ya kiwanda, mahali na mwaka khanga iliponunuliwa, na kama kauli hiyo imesikika kwenye kanda, ataitaja kanda na aliyetunga. Mvaaji ni suala jingine. Jina lake likichapwa kando ya khanga yake, uwezo wake wa kukana humtoka, na jirani aliyelengwa huenda naye akaisoma tasnifu.