Habari za Misingi ya Misikiti Yetu

  

Ndugu zangu Waislamu wa Kabuga, watu husifu mnara na kuba, lakini kinachobeba msikiti ni msingi, nao ukishafukiwa hauonekani tena. Kwa hiyo nimeona vyema kuandika habari zake.

Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina mwaka 622, msikiti wake ulikuwa na kuta za matofali mabichi, nguzo za vigogo vya mitende, na paa la makuti. Hata hivyo msingi wake ulikuwa wa mawe. Waliokuwa na kidogo hawakupunguza penye kubeba.

Katika pwani yetu, huko Shanga, kisiwani Pate, mtaalamu Mark Horton alichimba chini ya magofu ya msikiti wa Ijumaa katika miaka ya 1980. Akakuta misikiti mingine, mmoja chini ya mwingine: ya juu ya mawe, ya chini ya miti, na ya kale kabisa ya karne ya 8. Kazi iliyofukiwa kwa zaidi ya miaka elfu ilionekana tena na macho ya watu. Sembuse mbele ya Mola asiyefichwa kitu!

Wazee wale walipojenga kwa mawe walitumia chokaa. Walipanga magogo, wakaweka matumbawe juu yake, wakachoma, kisha wakachanganya chokaa na mchanga. Chokaa hukauka polepole, na fundi aliyekosea aliweza kurekebisha.

Uislamu ulipofika Rwanda pamoja na wafanyi biashara, makarani na askari wa pwani, matumbawe hayakufika. Mji wa Kigali ulianzishwa mwaka 1907, na msikiti wa Al-Fatah ukajengwa mwaka 1913. Saruji ya siku hizi, ambayo Joseph Aspdin wa Leeds aliipatia hati mwaka 1824, ilianza kutengenezwa nchini kwetu baada ya kiwanda cha CIMERWA kuanzishwa Bugarama mwaka 1984. Nayo haina subira ya chokaa: zege huanza kushika kwa saa chache tu, na kosa lililomwagwa hubaki humo.

Kwa hiyo ukaguzi hauna budi kutangulia zege. Kabuga ni nchi ya vilima. Penye mteremko, sakafu ya mtaro wa msingi yapasa kukatwa ngazi ngazi, kila ngazi ipimwe kwa pima maji, wala isifuate mteremko. Udongo wa kujazia na ulio laini uondolewe mpaka ipatikane ardhi ngumu. Maji ya mvua yakaushwe. Nondo ziinuliwe juu ya vijiwe, zisilale udongoni. Kisha zege ipimwe kwa sanduku, si kwa macho: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, na maji yasizidi, ishindiliwe vizuri, na baadaye imwagiliwe maji kwa siku saba.

Jaribu kubwa huja siku ya kumwaga. Watu wamekusanyika kwa umuganda, wageni wamealikwa, na mtaro una matope. Ni vigumu mzee kusema, "Leo hatumwagi." Lakini fedha ile ni ya wajane na wachuuzi, na watakaoketi chini ya paa lile ni watoto wa madrasa. Tarehe 3 Februari 2008 ardhi ilitikisika Rusizi na Nyamasheke, na hata nyumba ya ibada iliwaangukia waumini. Sisemi kwamba ni kosa la mjenzi fulani. Nasema ardhi haituulizi kama tulikuwa na haraka. Aibu ya kuwarudisha wageni ni ya siku moja.

Sura ya Tawba imetutajia jengo lililosimama juu ya ucha Mungu na jengo lililosimama ukingoni. Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wa lile la kwanza, kwa nia na kwa kazi ya mikono. Amin.