Nani Aliamua Chuo Chenu Ni Namba Ngapi?

Orodha ya vyuo bora duniani ikitoka tu, mtandaoni ni vita. "Chuo chenu hata hakionekani!" Wasee, kabla tutusiane, hizi namba zilitoka wapi?

Tuanze China. Mei 1998, Rais Jiang Zemin alisema nchi yake inahitaji vyuo vya kiwango cha dunia. Sasa utajuaje umebakisha umbali gani kama huna rula? Profesa Nian Cai Liu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Shanghai Jiao Tong wakaitengeneza, ili wajue vyuo vyao viko nyuma ya vile vya Marekani kiasi gani. Mwaka 2003 wakaichapisha. Dunia nzima ikaanza kujipima nayo.

Leo rula hiyo iko hivi: asilimia 10 ni wahitimu walioshinda Tuzo ya Nobel au Medali ya Fields, 20 ni wahadhiri walioshinda tuzo hizo, 20 watafiti wanaonukuliwa sana, 20 makala katika majarida ya Nature na Science, 20 makala nyingine za utafiti, na 10 ni hayo yote ukigawa kwa idadi ya wahadhiri. Umeona mahali wanauliza kama mwalimu huingia darasani? Hakuna.

Tena kwa wahadhiri, Nobel ya fasihi na ya amani hazihesabiwi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alifundisha Kent, Uingereza, akapata Nobel ya fasihi 2021. Hata kama angekuwa hajastaafu, chuo chake kisingeongezwa pointi hapo.

Mwaka 2004 Times Higher Education na QS wa Uingereza wakaleta yao. Asilimia 50 ilikuwa kuuliza wasomi: nyinyi mnaona chuo gani ni kikali? Jina kubwa likazidi kukua. Baadaye hao wawili wakaachana, orodha zikawa tatu.

Unaweza kusema ni mchezo tu. Lakini 2022 Uingereza ilianzisha viza ya wahitimu wa vyuo vilivyo kwenye 50 bora za angalau orodha mbili kati ya hizo tatu. Mwanzoni Afrika haikuwa na chuo hata kimoja. Yaani msee wa Nairobi mwenye digrii ya daraja la kwanza alifungiwa nje na hesabu ambazo hazikuwahi kumuuliza yeye anajua nini.

Kwa hivyo ukiingia KUCCPS kuchagua kozi, orodha isome, lakini uliza pia: maabara inafanya kazi? Waliomaliza wako wapi? Shanghai walitengeneza rula ya swali lao. Wewe pia uko na lako.