Nani Mwenye .ke, Nani Mwenye .tz

Huku Rubya, Muleba, kesi ya mpaka wa kibanja huanza kwa kwenda kutazama mramura, mmea wa mpaka uliopandwa na wazee. Majina ya intaneti hayana mramura. Kuna daftari tu, na aliyeandikwa kwanza ndiye mwenye mali mpaka apatikane wa kumwondoa.

Miongoni mwa mivutano ya mwanzo ya majina hayo Afrika Mashariki, mmoja uliokuwa mkali haukuhusu jina la duka bali la nchi nzima. Kikoa cha Kenya, yaani mwisho wa anwani zake za intaneti, .ke, kiliandikishwa mwaka 1993 chini ya Dkt. Shem Ochuodho, mtaalamu wa kompyuta aliyekuja kuwa mbunge wa Rangwe, huku mitambo ikisimamiwa na Mmarekani Randy Bush. Wakati huo serikali haikuwa na habari nacho. Biashara ya intaneti iliponoga, wadau wakaunda KENIC, chombo cha kusimamia kikoa hicho, na baada ya mabishano kikoa kikahamia huko Desemba 2002. Kwetu mambo yalienda taratibu zaidi: .tz ilifunguliwa mwaka 1995, TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na watoa huduma za intaneti wakaanzisha tzNIC mwaka 2006, na ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti duniani, likaikabidhi tzNIC kikoa hicho rasmi mwaka 2010. Wakongo nao, nchi ilipoacha kuitwa Zaire, walihama kutoka .zr kwenda .cd.

Ugomvi wa majina ya kampuni ulipata utaratibu wake mwaka 1999. Mkazi mmoja wa Marekani alisajili worldwrestlingfederation.com, na siku tatu baadaye akaitajia kampuni ya mieleka yenye jina hilo bei: dola 1,000. Januari 2000, msuluhishi wa WIPO, shirika la haki miliki la Umoja wa Mataifa lenye makao Geneva, aliamuru jina likabidhiwe kampuni hiyo. Ilikuwa kesi ya kwanza kuamuliwa kwa utaratibu huo. Mlalamikaji athibitishe mambo matatu: jina lafanana na alama yake ya biashara, mwenzake hana haki nalo, na alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Akishinda hupewa jina, au lifutwe, fidia hakuna. Ada ya kuanzia ya WIPO kwa msuluhishi mmoja ni dola 1,500, magunia kadhaa ya kahawa hayo.

Kwa vikundi vya wakulima wa Muleba, hatari ya karibu si tapeli wa mbali. Ni kijana aliyetengeneza tovuti, akasajili jina kwa baruapepe yake, kisha akakosana na kikundi. Wasuluhishi wa WIPO hukwepa magomvi ya wabia namna hiyo. Mara nyingi huwaambia waende mahakamani.