Collins Obuya: Mkono Uliowazungusha Sri Lanka, na Goti Lililogoma

Wasee, leo tunaongea kriketi. Ndiyo, kriketi. Usitoroke bado. Najua huku kwetu Meru uwanja tunaoujua ni Kinoru, na ukishuka Embu ni Moi Stadium, na kote huko ukiuliza pichi ya kriketi iko wapi utaangaliwa kama umeulizia pengwini. Lakini Kenya hii imewahi kucheza nusu fainali ya Kombe la Dunia, na si la raga wala voliboli. Ilikuwa ni kriketi, mwaka wa 2003. Na katikati ya hiyo stori kuna kijana wa miaka 21 ambaye watu waliapa angekuwa mmoja wa warushaji hatari zaidi duniani.

Hakuwa. Na majibu ambayo watu hutoa, ati "sifa zilimwingia kichwani," ni ya uvivu. Wacha niwaeleze.

Kwanza rudi mwanzo wa 2003. Moi ametoka tu Ikulu, Kibaki ameapishwa Desemba 30, 2002, na Januari watoto wameingia shule ya msingi bila karo. Nchi ilikuwa na hewa fulani hivi ya kuamini kila kitu kinawezekana. Kombe la Dunia la kriketi lilikuwa Afrika Kusini, na mechi chache zikapangwa Zimbabwe na hapa Nairobi. New Zealand walikataa kuja. Walisema usalama, maana Novemba 2002 hoteli ya Kikambala ilikuwa imelipuliwa. Kenya ikapewa pointi za bure, na wengi nje wakacheka kwamba hao jamaa wanapanda ngazi kwa huruma.

Siku tatu baadaye, Februari 24, Sri Lanka wakaja Nairobi Gymkhana. Hawa walikuwa mabingwa wa dunia wa 1996. Kenya ilipiga kwanza ikapata mbio 210, na kaka mkubwa wa Collins, Kennedy Otieno, akachangia 60. Muttiah Muralitharan alichukua wiketi nne. Kwa hesabu za kawaida 210 ni deni dogo kwa timu kama Sri Lanka, unalilipa na chenji inabaki.

Halafu Collins Obuya akapewa mpira.

Kwa wale hawajui, mrushaji wa aina yake hategemei kasi. Anautoa mpira polepole, lakini kifundo cha mkono kinauzungusha, hivyo ukigonga ardhi unakata kona. Mpigaji anauona unakuja kwake kama zawadi, kisha unamkwepa. Na kuna ule wa pili unaotoka mkononi ukifanana kabisa na wa kwanza, lakini unakata upande wa pili. Ni ulaghai wa halali. Huu ndio ufundi uliompa Shane Warne wa Australia jina, na ni ufundi mgumu sana kuumiliki. Kwa kila mtoto anayeujaribu, wengi huacha kwa sababu mpira ukiponyoka kidogo tu unapigwa mpaka barabarani.

Siku ile haukuponyoka. Alitupa ova zake zote 10, akatoa mbio 24 tu, akachukua wiketi 5. Na si wiketi za mkiani peke yake. Hashan Tillakaratne, Mahela Jayawardene, Kumar Sangakkara, Aravinda de Silva, Chaminda Vaas. Ukifuatilia kriketi unajua hiyo orodha ni kama mtu wa ligi ya kaunti kuwapiga chenga Messi na wenzake mmoja mmoja. De Silva ndiye aliyekuwa shujaa wa fainali ya 1996. Nyuma ya vijiti aliyekuwa akidaka ni kakake yuleyule, Kennedy. Sri Lanka wakaisha kwa 157. Kenya ikashinda kwa mbio 53.

Magazeti ya nje yakapata stori yao tamu: kijana aliyekuwa akiuza nyanya sokoni Nairobi amewaangusha mabingwa. Stori ya nyanya ilirudiwa mpaka ikachosha, na mimi huwa naona kuna dharau ndani yake. Kana kwamba mkono ule ulianguka kutoka mbinguni juu ya kibanda cha mboga. Huyu alikuwa ametoka kwenye familia ya kriketi. Ndugu watatu, Kennedy, David na Collins, wote wamechezea Kenya. Alikuwa kwenye timu ya taifa tangu 2001. Alikuwa na shule, ila haikuwa na cheti.

Kenya ikaendelea. Ikaipiga Bangladesh, ikaipiga Zimbabwe, ikafika nusu fainali chini ya nahodha Steve Tikolo na kocha Sandeep Patil kutoka India. Hapo katikati kuna mzee Aasif Karim, ambaye alikuwa ameshastaafu akarudishwa, akawatesa Waaustralia wenyewe: wiketi 3 kwa mbio 7. Hiyo ni makala nyingine kabisa, nitaiandika mkiitaka. Tarehe 20 Machi, Durban, India wakatumaliza kwa mbio 91, Sourav Ganguly akipiga mia moja na ushee. Lakini hakuna aliyelia. Timu isiyo na hadhi ya kucheza mechi za Test ilikuwa imefika nusu fainali, na hakuna nyingine iliyowahi kufanya hivyo kabla yake.

Sasa ndiyo tunafika kwenye kushuka.

Warwickshire, klabu ya Birmingham, Uingereza, ikamsaini Collins mwaka uleule. Kwa Mkenya, hiyo ilikuwa kama kuitwa Ulaya kucheza soka. Miezi michache tu baada ya Gymkhana, kijana yuko Edgbaston kwenye baridi, viwanja vyenye unyevu, mpira unaoteleza mkononi. Mrushaji wa kuzungusha anataka ardhi kavu iliyokufakufa. Uingereza mwanzo wa msimu ni kinyume chake.

Na goti likagoma. Akafanyiwa upasuaji. Watu husikia goti wakadhani ni jambo la wakimbiaji tu. La. Mrushaji wa aina hii anatua kwenye mguu wa mbele na mwili wote unazunguka juu yake, mkono unakuja mwisho kabisa. Mguu ukisita kwa nukta moja, mkono unaachilia mpira mapema au kuchelewa, na ule ulaghai niliousema unakuwa mpira wa kawaida tu, wa polepole, unaongoja kupigwa. Goti linaweza kupona na mkono ukabaki umesahau saa yake.

Ukitaka kuona hili si jambo la Kenya peke yake, angalia beisboli Marekani, mchezo wenye urushaji wa kufanana na huu. Mwaka wa 1991 Yankees walimchagua Brien Taylor wa kwanza kabisa katika nchi nzima, wakampa zaidi ya dola milioni 1.5 akiwa kijana wa shule ya upili. Desemba 1993 akaumia bega kwenye ugomvi. Hakuwahi kurusha hata mpira mmoja kwenye ligi kuu. Hao wana madaktari, mashine, pesa, kila kitu. Kiungo kimoja kikienda, kimeenda.

Lakini hapa ndipo nakataa kuliachia goti lawama yote. Mrushaji aliyepoteza saa yake anahitaji kitu kimoja: mechi. Nyingi. Mechi za kupigwa, za kujirekebisha, za kupigwa tena. Sasa tazama Collins alirudi kwenye nini.

Kenya ilitarajia kwamba baada ya 2003 milango ingefunguka. Bangladesh walikuwa wamepewa hadhi ya Test mwaka wa 2000. Hao hao tuliowapiga Johannesburg. Sisi hatukupewa. Timu kubwa hazikuja. Nyumbani nako kukawa moto: Agosti 2004 Maurice Odumbe, nyota wa zamani, akafungiwa miaka mitano kwa kupokea pesa kutoka kwa mtu wa kamari. Wachezaji wakagoma kwa sababu ya malipo. Mwaka wa 2005 chama cha zamani kikavunjwa, kikaundwa Cricket Kenya. Baada ya Septemba 2004, Kenya haikucheza mechi yoyote rasmi ya kimataifa ya siku moja mpaka Februari 2006.

Yaani mwaka mmoja na nusu. Kijana wa miaka 23, 24, umri ambao mrushaji anapaswa kuwa anakomaa, na nchi yake haina mechi. Chukua mtu yeyote mwenye kipaji, hata DJ wa Makutano, mfungie mashine miezi kumi na saba halafu umwambie arudi kwenye harusi aoneshe uchawi uleule.

Kuna kitu kingine kinachouma zaidi, na hiki ni cha bahati tu. Juni 2003, Uingereza hiyohiyo, walianzisha kriketi fupi ya ova 20. Warwickshire wenyewe walifika fainali ya kwanza, wakapoteza kwa Surrey. Wengi walidhani mchezo huo mfupi ungewaua warushaji wa polepole. Kikatokea kinyume: wapigaji wana haraka, na mwenye haraka ndiye rahisi kulaghaiwa. Mwaka wa 2008 ligi ya India ikaanza na mamilioni yake, na warushaji wa aina ya Collins wakawa dhahabu. Mtazame Rashid Khan wa Afghanistan. Aliingia timu ya taifa 2015 akiwa na miaka 17, na nchi yake mwaka wa 2008 ilikuwa bado inacheza daraja la tano la kriketi ya dunia, chini kabisa yetu. Ligi zikamchukua, kila mwezi ana mechi mahali fulani. Ufundi ni uleule. Tofauti kubwa ninayoiona ni kalenda.

Nikisikia mtu anasema Obuya "alipotea," huwa nauliza: alipotea kwenda wapi? Maana jamaa hakwenda popote.

Mpira ulipokataa, alichukua bati. Polepole akajigeuza kuwa mpigaji, kazi tofauti kabisa, kama golikipa kuamua sasa yeye ni straika. Machi 13, 2011, Bangalore, Kombe la Dunia tena, dhidi ya Australia. Waaustralia walikuwa wamepiga 324. Brett Lee, Shaun Tait, Mitchell Johnson wanarusha mipira ya kasi ya kuvunja mbavu. Collins alisimama mpaka mwisho. Ova zikaisha akiwa na mbio 98, hajatolewa. Mbili tu na angefikisha mia moja. Kenya ilipata 264, ikapoteza kwa mbio 60, na kwenye kombe hilo tulipoteza mechi zote sita. Mwaka huohuo akapewa unahodha.

Fikiria hilo kidogo. Watu wana orodha zao za vipaji vilivyoharibika, wanamweka humo kwa sababu ya wiketi ambazo hakuzichukua baada ya 2003. Na kweli, zile 5 kwa 24 zilibaki kuwa siku yake bora kabisa ya kurusha, hazikuwahi kufikiwa tena. Lakini huyohuyo alivaa jezi ya Kenya katika mechi zaidi ya 100 za siku moja. Nchi ilipopoteza hadhi ya kucheza mechi hizo 2014, wengine wakitafuta kazi nyingine, yeye aliendelea, kwenye viwanja bila kamera na mashindano ambayo hata mimi ninayependa mchezo huu nilikuwa nasoma matokeo yake siku mbili baadaye. Alistaafu Machi 2024, baada ya Michezo ya Afrika kule Accra. Alikuwa na miaka 42.

Miaka 23 kwenye timu ya taifa. Kuna vijana wa kikosi cha mwisho alichochezea ambao hawakuwa wamezaliwa siku ya Gymkhana.

Huku kwetu kila muhula wa michezo ya shule kuna mtoto mmoja anavuma. Wa Igembe anakimbia, wa Runyenjes anadaka mpira kama ana gundi. Video inasambaa, mheshimiwa anapiga picha naye, ahadi ya viatu inatolewa mbele ya wazazi. Mwaka ukiisha tunauliza "yule alienda wapi?" na tayari tuna jibu: pombe, wasichana, kiburi, miraa. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mara ngapi umeuliza alichezeshwa mechi ngapi baada ya ile video? Nani alimpeleka kwa daktari aliposema goti linauma? Hapo kwenye komenti, usiniletee jina la mtoto wa mtu. Niletee idadi ya mechi.