Safari Zetu: Kutoka Ushago Hadi Baharini



Sisi tuliozaliwa zamani tulijua safari tatu tu: matanga, harusi na Krismasi ushago. Kupanda gari ili kustarehe yalikuwa mambo ya Wazungu na wakubwa. Reli ya kutoka Mombasa ilifika hapa Nairobi mwaka 1899, lakini tulipoanzisha chama mwaka 2015 wengi wetu tulikuwa hatujaona bahari.

Mambo yalibadilika pole pole. M-Pesa ilikuja mwaka 2007, kuchanga kukawa rahisi. Mwaka 2017 treni mpya ikaanza. Ile ya zamani ililala njiani, hii ni saa tano hivi, na nauli ya chini ilianzia shilingi 700. Walimu, makarani na wenye maduka wakaanza kupeleka watoto Mombasa wakati wa likizo.

Nasi tukasema twende. Hapo pakazuka ugomvi! Wengine walisema akiba ni ya karo, si ya kuchezea. Walisema kweli. Tukaamua sanduku la safari likae kando, na mtu asikopeshwe pesa za kutembea.

Mwaka 2020 korona ilisimamisha treni kwa miezi kadhaa. Sanduku lile ndilo lilitununulia unga. Tukaanza tena kuchanga, na mwishowe tukaenda. Mama mmoja wetu, nyanya wa wajukuu sita, alionja maji akacheka: "Kumbe ni chumvi kweli!"

Januari 2024 nauli ilipanda hadi shilingi 1,500. Basi akina mama, tuchange mapema. Karo kwanza, bahari baadaye.