Njia za Baiskeli katika Milima ya Stellenbosch

Ardhi huhifadhi kazi ya mikono, ijapokuwa wanadamu husahau. Huko Stellenbosch, katika Rasi ya Afrika ya Kusini, njia nyembamba za baiskeli hupanda milima baina ya mashamba ya mizabibu na misitu ya misonobari. Apitaye hudhani ameyaona maumbile. La hasha! Yote mawili yaliletwa na watu.

Mvinyo wa kwanza wa Rasi ulikamuliwa tarehe 2 Februari 1659, zama za Jan van Riebeeck. Simon van der Stel aliuanzisha mji mwaka 1679. Mizabibu ilistawi kwa jasho la watumwa, baadhi yao wakiwa wameletwa kutoka Msumbiji na Bukini. Utumwa ulifutwa mwaka 1834, walakini aghalabu walibaki chini ya mabwana wale wale hadi 1838.

Misonobari nayo ni migeni: aina moja ilitoka California, nyingine pwani za Bahari ya Kati. Ilipandwa kwa ajili ya mbao, lakini hunywa maji mengi. Utafiti ulioanza katika bonde la Jonkershoek mwaka 1935 ulithibitisha kwamba msitu huo ukikua, vijito hupungua.

Barabara za wakata miti zimekuwa njia za michezo, na mashindano ya Cape Epic, yaliyoanza mwaka 2004, yameeneza sifa za milima ya Rasi duniani. Michezo si aibu. Lakini apandaye kilima hana budi kuwajua waliokilima.